Barua ya wazi kwa Rais na Bodi ya klabu yetu ya Rotary: mkutano wa kumuenzi Mzee wetu urudiwe, na pesa za jina lake zisomwe

Kwa Ndugu Rais wa Klabu, Katibu, Mweka Hazina na wajumbe wote wa Bodi,

YAH: MKUTANO WA KUMUENZI MAREHEMU MZEE WA PAMPU NA MICHANGO ILIYOKUSANYWA KWA JINA LAKE

Salaam kwenu nyote na poleni tena na msiba, maana msiba huu ni wetu sote na bado haujapoa. Nawaandikia hadharani kwa sababu njia za ndani zimeisha. Nilianza kwa kuongea na Katibu pembeni, nikaandika barua kwa Bodi, baadaye nikauliza kwenye grupu letu la WhatsApp nikaambiwa grupu sio mahali pake, na haikupita muda grupu likafungwa wakabaki maadmini tu ndo wanaandika. Sasa kama barua haijibiwi, kwenye kikao ajenda inarukwa na kwenye grupu hatuwezi kuandika, mwanachama anabaki na pa kusemea wapi? Nasemea hapa, kwa adabu zote, na jina langu mnalijua.

Kwa wasiomjua marehemu niseme kidogo. Hapa mjini kila mtu alimwita Mzee wa Pampu. Alikuwa fundi wa idara ya maji mpaka alipostaafu, na alikuwa mwanachama wa klabu yetu ya Rotary, chama cha dunia nzima cha watu wanaojitolea kuhudumia jamii, kwa zaidi ya miaka thelathini, tangu enzi zile ukiingia kwenye kikao unakuta mameneja wa benki, mawakili na wenye viwanda, na ingawa Rotary inasema inachukua watu wa kila fani, fundi mwenye mikono yenye grisi ilikuwa nadra kumuona amekaa mezani. Yeye alikaa. Hakuwahi kuwa rais wa klabu, aliombwa akakataa, akasema mpeni anayejua kuongea, mimi niacheni na visima vyangu.

Na visima kweli vilikuwa vyake. Zile pampu za mkono za Afridev tunazoziona vijijini zilibuniwa miaka ya 1980 kule Malawi na Kenya makusudi kabisa ili watu wa kijijini wazitengeneze wenyewe, unafungua kwa spana moja tu, unavuta vyuma juu kimoja kimoja, unatoa pistoni na kubadilisha kile kimpira kidogo cha duara ambacho kikishalika unapiga mpini mpaka mkono unauma na maji hayapandi. Kimpira hicho ni cha bei ndogo sana ila kikikosekana kijiji kizima kinarudi kuchota dimbwini pamoja na ng'ombe. Mzee alikuwa anatembea navyo kwenye mfuko wa shati, vimefungwa kwenye nailoni, ukikaa naye kwenye kikao ukaona mfuko umetuna ujue ndo hivyo. Na hakuwa anatengeneza peke yake, alikuwa anawafundisha kina mama wa kamati za maji, anafungua pampu yote wanaona, anairudisha, kisha anaifungua tena anapanga vyuma chini kwenye gunia anamkabidhi mmoja wao spana anasema haya mama, sasa funga wewe mimi nakuangalia, na hasaidii hata mama akikosea mara ngapi, atangoja.

Nasema haya kwa sababu klabu nyingi, na yetu ikiwemo, tunapenda kuzindua. Utepe, picha, kibao chenye gurudumu la Rotary, halafu tunaondoka. Inakadiriwa kwamba Afrika kusini mwa Sahara, kwa wakati wowote ule, kama pampu moja ya mkono kati ya nne haitoi maji. Mzee alikuwa mtu wa kurudi pale ambapo utepe ulishakatwa zamani na watu wa picha walishasahau njia. Hiyo ndo ilikuwa kazi ya maisha yake na ndo ilitakiwa ionekane siku ya kumuenzi. Haikuonekana, na sasa nieleze.

1. Mjane wake alikuwa edani. Hili ndo lililoniumiza kuliko yote kwahiyo naliweka mwanzo. Mkutano mliupanga usiku, hotelini, wakati mama yetu hajamaliza eda, na eda ni miezi minne na siku kumi, hapa pwani hakuna mtu mzima asiyejua hilo, wala asiye Muislamu hawezi kusema hajui maana tunazikana, tunaendana misibani. Mlijua hawezi kuja. Mkampelekea kadi ya mwaliko nyumbani kama kawaida na kwenye mkutano emsii akatangaza kwamba familia imealikwa lakini mjane "hakuweza kufika", watu wakaelewa labda anaumwa au hakutaka. Ngao yenye jina la mume wake ikapokelewa na mjumbe wa Bodi kwa niaba yake, picha ikapigwa, na mpaka leo naandika ngao hiyo iko kwenye kabati ofisini kwa Katibu, haijatolewa hata kwenye nailoni yake. Nani alikuwa na haraka? Mkutano ungeweza kusubiri eda iishe. Au tungekwenda watu wachache nyumbani mchana, kina mama wa klabu wakaingia ndani kwake wakakaa naye kwenye mkeka, wakampa mkononi. Isingegharimu hata shilingi.

2. Watu aliowahudumia waliachwa getini. Kamati za maji za vijiji vitatu zilisikia habari zikachangishana nauli zikaja na Hiace, kina mama wengi na wazee wachache, wamevaa nguo zao za sherehe. Mlinzi wa hoteli aliwaambia majina yao hayapo kwenye orodha na kiingilio ni shilingi 50,000 kwa mtu. Nilipigiwa simu nikatoka nje, nikamkuta mama mmoja, yule aliyefundishwa na Mzee na ambaye sasa ndo fundi wa kijiji chao, ameshika spana aliyoachiwa na marehemu, alikuwa amekuja nayo ili aisimamishe mbele ya watu aseme hii ndo zawadi alonipa. Nikaingia ndani kuomba waruhusiwe hata wasimame nyuma. Jibu nililopewa na kiongozi, simtaji, ni kwamba sahani zimehesabiwa. Hawakuomba sahani. Walikaa nje kwenye ukingo wa barabara mpaka Hiace ikawarudisha, na ndani kulikuwa na meza nzima ya wageni wa mdhamini ambao hawakumjua marehemu na walikuwa wanaulizana ni nani huyu.

3. Wasifu uliosomwa sio wake. Kwanza ulisomwa kwa Kiingereza kitupu kwa ajili ya wageni wanne watano, wakati ndugu zake waliopata nafasi walikuwa wanaangaliana tu. Pili uliandikwa na mtu ambaye naamini hakuuliza mtu. Ulisema Mzee alikuwa "mfadhili" wa visima. Hakufadhili kisima hata kimoja, hakuwa na hela hiyo, na angekuwepo angesimama akasahihisha pale pale. Pampu zilizokufa alizifufua, hiyo ndo sifa yake na ni kubwa kuliko mliyompa. Ya polio yalipewa mstari mmoja. Jamani, Rotary ilianza mpango wa PolioPlus wa kutokomeza polio mwaka 1985, mwaka 1988 dunia nzima ikaungana kwenye vita hiyo wakati ugonjwa ulikuwa unapoozesha watoto kama 350,000 kwa mwaka, na Afrika ikatangazwa haina tena polio ya asili tarehe 25 Agosti 2020. Katikati ya hiyo miaka kuna watu waliobeba boksi la barafu mabegani, nyumba kwa nyumba, matone mawili mdomoni na wino kwenye kidole kidogo cha mtoto, na Mzee alikuwa mmojawapo mpaka miguu ilipokataa. Polio ilipogundulika tena Malawi Februari 2022 na nchi yetu Tanzania ikaingia kwenye kampeni ya chanjo kama jirani, alikuja kikaoni na fimbo kutuomba vijana tujitokeze. Hakuna hata neno moja juu ya hilo.

4. Glasi za mvinyo. Najua kunyanyua glasi ni desturi ya klabu na klabu ina watu wa dini zote, kila mtu na chake, sina ugomvi. Ila Mzee alikuwa mtu wa msikitini na miaka yote kwenye hiyo desturi yeye alinyanyua maji. Kunyanyua mvinyo kwa jina lake, ndugu zake wamekaa pale, na muziki haukushushwa hata adhana ya magharibi ilipolia nje, haikuwa sawa. Ilihitaji mtu mmoja tu wa kufikiri kabla.

5. Pini ya Paul Harris. Ile heshima inayotolewa kwa jina la mtu pale Mfuko wa Rotary, ule wa hisani wa dunia nzima, unapochangiwa dola 1,000, usiku ule ilitolewa kwa mdhamini wa chakula. Kwenye mkutano wa kumuenzi marehemu. Mzee hakuwahi kupewa akiwa hai na inaruhusiwa kabisa kutolewa kwa jina la aliyefariki, familia ikaitunza.

6. Pesa. Hapa naomba mnisome taratibu. Zilichapwa kadi za michango, ikatolewa lipa namba, na kadi iliandikwa kwa maneno yenu wenyewe kwamba mchango ni wa "mfuko wa kumbukumbu kwa ajili ya matengenezo ya visima". Watu walichanga kwa sababu ya jina lake. Wavuvi wa kule bandari ndogo walichanga, wauza samaki walichanga, wanafunzi wa Rotaract, klabu ya vijana ya Rotary, walichanga kwenye hela yao ya kula. Usiku ule ikatangazwa jumla kwa makofi. Mpaka leo hakuna taarifa ya mapato na matumizi, hakuna kimpira kimoja kilichonunuliwa, na tunasikia pembeni kwamba sehemu ilienda kulipa ukumbi na mapambo kwa sababu kiingilio hakikutosha. Simtuhumu mtu wizi. Nasema pesa iliyochangwa kwa visima haiwezi kulipa vitambaa vya viti, na kama haikulipa basi onyesheni daftari tuwaombe radhi, mimi wa kwanza.

Na Rotary yenyewe ina mfano wake kwenye jambo hili hili. Mfuko wa Rotary uliasisiwa na wazo la Arch Klumph, aliyekuwa rais wa Rotary, mwaka 1917 na mchango wake wa kwanza kabisa ulikuwa dola 26 na senti 50 kutoka klabu ya Kansas City, ukabaki mdogo miaka mingi. Paul Harris, mwanzilishi wa Rotary, alipofariki tarehe 27 Januari 1947 alikuwa ameacha neno kwamba wasimletee maua, anayetaka kumkumbuka achangie Mfuko. Wanachama duniani wakachanga, na mwaka huo huo wanafunzi 18 wa kwanza wakapelekwa kusoma nje ya nchi zao kwa hela hiyo. Michango ya msiba ikageuka kazi ndani ya mwaka mmoja! Hapa kwetu pia tulishawahi kufanya hivyo na aliyetufundisha ni marehemu mwenyewe. Alipofariki Sam Owori wa Uganda tarehe 13 Julai 2017, mtu ambaye alikuwa amechaguliwa kuwa rais wa Rotary duniani kwa mwaka 2018/19, wa pili kutoka Afrika baada ya Jonathan Majiyagbe wa Nigeria, klabu ilitaka kuandaa chakula cha jioni cha rambirambi. Mzee akasimama akasema tusile, twende tukafufue pampu mbili kwa jina la huyu bwana. Tukaenda. Wengine wenu kwenye Bodi mlikuwepo, mlishika mpini. Kwahiyo hamuwezi kusema hamkujua yeye angependa aenziwe vipi, alishatuonyesha.

Sasa najua majibu yatakayokuja, maana mengine nimeshayasikia, naomba niyajibu mapema.

Mtasema mkutano wa klabu ni wa wanachama. Sio kweli, kila kikao tunatambulisha wageni, ni ratiba yetu tangu kengele inapogongwa, na mdhamini alikuja na meza nzima.

Mtasema hoteli ndo kituo chetu cha vikao. Tangu Baraza la Sheria la 2016, kile kikao cha Rotary duniani cha kutunga kanuni, klabu zina uhuru mkubwa wa kupanga vikao vyao, wapi na vipi. Tungeweza kukutana kisimani chini ya mwembe na ingehesabika ni kikao halali.

Mtasema familia haijalalamika. Familia iliyofiwa hailalamiki kwa wageni, wanashukuru tu, hata wakiumia wanashukuru, huo ndo ustaarabu wao. Msiutumie kama kinga. Mtoto wake mkubwa aliniambia jambo moja tu, kwamba mama yake aliuliza ile ngao inafananaje.

Mtasema mwaka wa Rotary unaisha tarehe 30 Juni, Bodi mpya inaanza tarehe 1 Julai, tuwaachie wao. Hapana. Pesa zimekusanywa mkiwa nyinyi, zisomwe mkiwa nyinyi. Bodi mpya ikirithi hili litazikwa, tunajua mambo haya yanavyozikwa.

Na mtasema naichafua klabu. Ndugu Rais, kila kikao tunasoma kwa sauti yale maswali manne aliyoyaandika mwana-Rotary Herbert Taylor mwaka 1932, je ni kweli, je ni haki kwa wote wanaohusika, je yatajenga nia njema na urafiki, je yatawafaa wote wanaohusika. Mimi nimeyachukua moja moja nikayaweka kwenye ule usiku na nimeshindwa kupata ndiyo hata moja. Mkiipata nyie niandikieni. Mimi naipenda klabu hii, niliingizwa na Mzee mwenyewe, ndo aliyependekeza jina langu wakati kuna waliokuwa bado wananung'unika kuhusu wanawake, wakati Rotary ilishafungua mlango kwa wanawake dunia nzima tangu 1989. Siwezi kunyamaza kwenye msiba wake eti ili klabu ionekane nzuri.

Ninachoomba, na sio mimi peke yangu, kuna wanachama wenzangu tumekubaliana:

1. Taarifa ya maandishi ya fedha zote zilizoingia kwa jina la marehemu, kadi na lipa namba, na kila kilichotoka na risiti zake, isomwe kwenye kikao na nakala ipelekwe kwa familia na kwa kamati za maji. Kama kuna kilichotumika kwenye ukumbi, kirudishwe na klabu kutoka mfuko wake wa uendeshaji.

2. Fedha hizo zinunue spea, vimpira, vyuma, mabomba na seti za spana, zikabidhiwe kwa vyombo vya watumiaji maji vya vijiji alivyokuwa anavihudumia, kwa kushirikiana na wakala wa serikali RUWASA wilayani maana wao ndo wenye dhamana ya maji vijijini tangu 2019, ili isije ikawa tumemwaga vifaa halafu hakuna mfuatiliaji. Na kuwe na siku mbili za mafunzo, mkufunzi awe yule mama mwenye spana. Alipwe, asipewe soda.

3. Mkutano wa kumuenzi urudiwe, mchana, kisimani, kwa Kiswahili, bila kiingilio, na waongee wa vijijini kwanza. Sisi wanachama tubebe chakula chetu na tukae kwenye mikeka kama wengine. Kama mnaona ngumu kuliita kurudia, liiteni mnavyotaka, ila lifanyike kabla ya tarehe 30 Juni.

4. Eda imeisha sasa. Rais pamoja na wajumbe wanawake waende nyumbani kwa mjane na ngao yake, wamuombe radhi kwa yaliyotokea, na hakuna haja ya mpiga picha.

5. Heshima ya Paul Harris iombwe kwa jina la marehemu. Dola 1,000 hizo tuko tayari kuchangishana sisi wanachama, tusiguse hela ya visima hata senti.

6. Kamati za vijiji vitatu ziandikiwe barua ya kuombwa radhi na zirudishiwe nauli ya ile Hiace.

7. Grupu la WhatsApp lifunguliwe.

Naomba jibu la maandishi ndani ya wiki mbili kuanzia leo. Likija zuri nitalipandisha hapa hapa lilivyo, na nitawashukuru kwa majina yenu. Lisipokuja, mimi na wenzangu tutaomba kikao na Gavana wa Wilaya yetu ya Rotary, yule kiongozi wa klabu za eneo letu, na wakati huo huo tutaanza matengenezo kwa hela zetu kwenye ile pampu ya karibu na shule ambayo, kama kuna kati yenu aliyepita huko karibuni, mpini wake umefungwa kwa kamba tangu wiki aliyozikwa Mzee.

Wenu katika utumishi,

Mwanachama mwenzenu
(jina na sahihi viko kwenye barua mlizonazo)

Nakala: Gavana wa Wilaya
Familia ya marehemu
Kamati za maji za vijiji vitatu
Wanachama wote